TAHADHARI: anauza GPS za gari "mpya", halafu anakudai hela ya setilaiti

Wadau habari zenu, naandika hii hasira bado ziko juu lakini bora niandike sasa hivi kabla hajampiga mwingine. Kuna jamaa anauza vile vidude vya GPS vya kubandika kwenye kioo cha mbele cha gari, anasema ni vipya, boksi halijafunguliwa, ramani zimo na apdeti ni za maisha. Mimi nimeshapigwa.

Najua kuna watakaosema si utumie simu tu. Simu ninayo, ila napita sana sehemu ambazo mtandao hakuna, na ikikaa juani pale kwenye kioo inapata moto mpaka inajizima, ndo maana nikataka kitu chenye ramani zake humo humo ndani.

Akanitumia video, kagari kanatembea kwenye ramani, sauti ya mdada inasema pinda kushoto, basi nikaridhika nikalipa. Ile video nimekuja kuirudia nimetulia ndo nikaona ujinga wangu: kidude kiko mezani ndani ya nyumba, na ile alama ya setilaiti pale juu haina hata kijiti kimoja. Ilikuwa demo tu, vifaa vingi vya hivi vina sehemu ya kuigiza safari, unachagua unapoanzia na unapoishia halafu kagari kanajiendesha kenyewe wewe umekaa kwenye kochi. Ili kijue kweli kilipo kinatakiwa kipate setilaiti nne angalau.

Mzigo ukaja. Skrini ina nailoni mpya kabisa, unaibandua chini yake mikwaruzo kama imesuguliwa na mchanga, skrubu za nyuma vichwa vimelika na ile stika yenye namba ya kifaa imekwanguliwa. Nikajipa moyo nikatoka nacho nje, kikatafuta weee mwisho kikashika, mahali kikapata sawasawa lakini tarehe imerudi nyuma karibu miaka 20! Na hapo kimeuzwa kama toleo la mwaka huu. Nikaingia nacho barabarani, mimi niko juu ya lami chenyewe, kwa kuwa barabara hiyo haimo kwenye ramani yake, kinanichora katikati ya pori, kinaniambia geuka panapowezekana.

Nampigia, ananijibu kwa upole kabisa, "boss hiyo ni kwa sababu setilaiti haijalipiwa, tuma ya kuiamsha ya mwaka mzima tarehe itakaa sawa." Na mimi nikatuma. Chekeni tu. Kesho yake akataka nyingine ya apdeti, na nisakinishe programu fulani kwenye kompyuta ili "fundi" wake aingie afanye kazi akiwa kwake, hapo ndo nikashtuka, maana programu za hivyo ukimfungulia mtu anaona kila kitu chako mpaka mambo ya benki.

Sasa sikilizeni, ishara ya GPS ni BURE dunia nzima. Setilaiti zile ni za serikali ya Marekani, ziko juu huko kilomita 20,000 na ushee, zinarusha tu kama kituo cha redio na kifaa chako kinapokea, hakirudishi chochote kule juu, kwa hiyo hazijui hata kama upo, sasa atakuzimiaje kitu kisichokujua? Kulipia ramani mpya au taarifa za foleni sawa, hiyo ipo, lakini hela ya kuamsha setilaiti ni wizi hata akikuonyesha risiti yenye muhuri.

Na ile tarehe nimekuja kuielewa baadaye. Setilaiti zinahesabu wiki, zikitimia 1,024 hesabu inaanza upya kwenye sifuri, mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019, na vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikurekebishwa vinajikuta vimerudi nyuma wiki 1,024, yaani miaka 19 na nusu na kidogo. Kwa hiyo kile kidude kilikuwa kinanitajia umri wake mwenyewe na mimi nikaenda kulipia!

Ila tusionee watu. Kuchelewa kushika mara ya kwanza peke yake sio utapeli, kifaa kilichozimwa muda mrefu au kilichotoka mbali kinaweza kuchukua dakika kadhaa, orodha kamili ya setilaiti yenyewe inachukua dakika 12 na nusu kushuka. Na kuna vioo vya gari vina utando wa madini ndani unaokula mawimbi, muuzaji hana kosa hapo.

Mnaotaka kununua mwambieni muuzaji akiwashe NJE, mbingu zinaonekana, arekodi ukurasa wa setilaiti, tarehe na ule unaoonyesha ramani ni za mwaka gani, bila kukata video. Mwenye mali safi haimsumbui. Mimi nilimrudia huyu jamaa kwa namba nyingine kama mteja mpya nikamwomba hiyo hiyo video, kajibu chaji imeisha. Nikamwambia sawa nasubiri uchaji, kanibloku.

Jina na picha ya wasifu anabadilisha kila mara, lakini picha ya tangazo ni ile ile: kidude juu ya kitambaa cha maua, na kona ya kulia chini ya fremu kuna mkwaruzo kama herufi V. Ninacho hapa mkononi na bado anakiuza.