Msimu mzima na MLB.TV nikiwa Iowa: kinamfaa nani na nani asinunue

MLB.TV ni kifurushi cha kuangalia mechi za ligi kuu ya besiboli ya Marekani kwa intaneti. Kabla hujatoa hela yako jiulize mambo mawili tu, timu yako iko wapi na wewe unalala wapi. Mimi timu yangu ni Seattle Mariners. Nilipokuja Marekani nikitokea Tanga maisha nilianzia Kent, pale jirani na Seattle, na mzee mwenye nyumba alikuwa anawasha redio ya besiboli kila jioni jikoni kwake mpaka nikaujua mchezo kabla sijaujua mji. Sa hivi naishi Des Moines, Iowa, kutoka Seattle ni siku mbili na ushee kwa gari, na huku kwenye tivii ya kawaida Mariners huwaoni kabisa labda siku wakicheza mechi ya kitaifa. Kwa mtu wa aina yangu hiki kifurushi ni kizuri mno na nakisifia wazi wazi.

Bei ya msimu wa 2025 ilikuwa dola 149.99 kwa timu zote 30, au 29.99 ukilipa mwezi mwezi, na kilikuwepo cha timu moja kwa 129.99. Timu inacheza mechi 162 kabla ya mtoano, piga hesabu utaona haifiki dola moja kwa mechi. Hicho cha timu moja, kama hujui, mashabiki walikipigania mahakamani, kesi ilifunguliwa 2012 na ikaisha kwa makubaliano 2016 ndo kikaanza kuuzwa. Mimi nilichukua cha zote maana tofauti ni dola ishirini tu na usiku Mariners wakipumzika bado nina kitu cha kuangalia.

Sasa kitu kinachonifanya nikipende ni sauti. Kila mechi unachagua watangazaji wa timu mwenyeji au wa timu mgeni, na unaweza ukaangalia picha huku masikioni umeweka watangazaji wa redio wa timu yako. Rick Rizzs, mtangazaji wa redio, alianza na Mariners 1983, aliondoka miaka michache tu katikati akarudi, ndo sauti iliyokuwa inatoka kwenye ile redio ya jikoni Kent, na leo naisikia nikiwa Iowa nimevaa sare ya kazi nasubiri shifti ya usiku. Watangazaji wa nyumbani wanajua mchezaji gani goti linamsumbua tangu mwezi wa nne, wanajua mvua ya kwao. Wale wa taifa wanakuja kwa timu yako mara mbili tatu kwa mwaka, wanasoma takwimu wanaondoka.

Usiku wa tarehe 24 Septemba 2025 nilikuwa off. Mechi za Seattle za katikati ya wiki zinaanza saa mbili na dakika arobaini usiku kwa saa za huku, nikaweka chai, simu nikailaza kifudifudi mezani kwa sababu strimu yoyote iko nyuma ya uwanja kwa sekunde kadhaa na washkaji zangu wa Kent hawajui kukaa na habari. Iningi ya kwanza tu (mechi ina iningi tisa, yaani raundi tisa) Cal Raleigh, yule mdakaji wa Mariners, anapiga homurani, ule mpigo wa kuutoa mpira nje ya uwanja, ya 59 msimu huo. Rekodi ya Mariners, aliyoiweka Ken Griffey Jr., ilikuwa 56 kwa msimu na Raleigh alishaipita siku nyingi. Alafu iningi ya nane anapiga ya 60, na katika historia yote ya ligi kuu ni watu saba tu wamewahi kufika hapo kwa msimu mmoja, na usiku huo huo Mariners wakawafunga Rockies 9-2 wakachukua ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 2001. Simu ilikuwa inatetemeka mezani sekunde chache kabla mpira haujapigwa kwenye skrini yangu na mimi nimeikazia macho tivii sitaki kuigusa. Nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi, mke wangu akaamka akaja mpaka mlangoni akaniuliza "mume wangu, kuna nini?" nikamwonyesha, akakaa tukaangalia pamoja wanavyomwagiana shampeni.

Mambo mengine ni ya kupita tu. Unaweza kugawa skrini ukaona mechi nne kwa pamoja, mimi mbili zinanitosha. Kuna mechi zilizofupishwa kwa sisi wa shifti, na kuna sehemu ya kuficha matokeo, hiyo iwashe siku ya kwanza kabisa.

Haya, tuje kwenye blakauti, na hapa nisikilize vizuri kama unakaa Iowa. Kila timu imechorewa eneo lake, na haki za tivii za eneo hilo mara nyingi zimeuzwa kwa chaneli ya mkoa iliyolipa ili iwe yenyewe peke yake, kwa hiyo MLB.TV hairuhusiwi kukuonyesha mechi laivu ya timu ambayo wewe uko ndani ya eneo lake. Ndo maana ni kifurushi cha timu za mbali. Shida ni kwamba ramani zinapandana, na Iowa ambayo haina timu ya ligi kuu hata moja imewekwa ndani ya maeneo ya timu sita: Cubs na White Sox za Chicago, Cardinals, Royals, Twins na Brewers. Sita! Kutoka hapa Chicago ni mwendo wa saa tano kwa gari, ni kama uwe Tanga uambiwe hii mechi ya Dar ni ya nyumbani kwako, nenda uwanjani. Na haijalishi kama kebo ya mtaani kwako inayo hiyo chaneli au haina, blakauti iko palepale. Na timu hizo sita zikicheza na timu yako, yaani Mariners wakija Kansas City kwa Royals, hiyo mechi nayo laivu huipati. Inafunguliwa kama dakika 90 baada ya kuisha.

Jirani yangu ni Mkongo, mtu wa Goma, mwanae ana miaka kumi na moja na ni Cubs damu damu kwa sababu Iowa Cubs wanacheza hapa hapa mjini Principal Park, na vijana wengi wanapitia pale kabla hawajapandishwa Chicago. Baba yake akaja kwangu, "yaya," yaani kaka, "nimulipie mtoto hii MLB.TV?" nikamwambia ndugu yangu hapana, usilipe, Cubs ndo hasa hutawaona. Niliona ni afadhali nimkatize tamaa mimi kuliko atoe dola mia na hamsini. Baadhi ya timu, Twins ni mojawapo, siku hizi zinauza strimu yao wenyewe kwa watu wa eneo lao, kwa hiyo kama timu yako ni ya karibu, huko ndo pa kuangalia kwanza.

Blakauti nyingine ni za chaneli za kitaifa. Msimu wa 2025 Ijumaa kulikuwa na mechi mbili za Apple, Jumapili usiku ESPN, Jumamosi Fox, hizo ukifungua ulikuwa huzipati laivu. Na mtoano wote, ukiwa Marekani, picha ya laivu ulikuwa hupati mpaka uwe na akaunti ya kebo. Nilikuwa nalijua hilo mapema kwa hiyo nikanunua antena ya kubandika dirishani, na tarehe 10 Oktoba ile mechi ya tano na Detroit ikawa Fox, bure kabisa hewani, iningi 15, saa sita usiku imepita ndo Jorge Polanco wa Mariners anaimaliza 3-2. Antena na MLB.TV vinakwenda pamoja, usinunue kimoja ukaacha kingine. Redio haina blakauti hata kwenye mtoano, na mechi ya saba na Toronto nimeisikilizia ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, George Springer wa Toronto akapiga ile homurani ya pointi tatu iningi ya saba, ikaisha 4-3 tukafungwa, nikazima injini nikakaa kidogo gizani kabla sijaingia. Mpaka msimu huo wa 2025 Mariners ndo timu pekee ambayo haijawahi kufika World Series, fainali ya ligi kuu. Bado inauma mpaka leo.

Kuna anayeuliza kuhusu MLB Extra Innings, kile cha kebo na setilaiti kilichoanza 1996. Mechi kwa sehemu kubwa ni zile zile, blakauti zile zile, uzuri wake huhitaji intaneti ya nguvu na mzee asiyezoea apu anabonyeza rimoti tu basi. Mimi kebo nilishaachana nayo, kampuni moja jina naliacha, bili ya mwaka wa pili ilipanda bila hata simu, na siku narudisha king'amuzi nilisimama foleni saa nzima na nusu na mtoto mgongoni.

Ukiamua kununua: katikati ya msimu bei huwa inashuka, na wateja wa T-Mobile wamekuwa wakipewa bure mwanzoni mwa msimu ndani ya siku chache tu, weka alamu. Mwaka unaofuata kinajirudia chenyewe na kukukata hela kwa hiyo ingia kwenye akaunti uzime kama hutaki. Kuanzia 2026 ESPN ndo wanaouza, angalia bei huko usitegemee hii yangu.

Yule mtoto wa jirani tulimtafutia kifurushi cha redio peke yake, ilikuwa kama dola thelathini kwa mwaka na haina blakauti. Anamsikiliza Pat Hughes wa Cubs kila usiku kwenye simu ya baba yake, na baba yake ananiambia mara nyingi analala iningi ya sita simu ikiwa kifuani.