Kipimo cha antithrombini kwa wenye figo zinazovuja protini, nakipa nyota 4

Jamani wenye nefrotiki sindromu (yaani figo zinavujisha protini nyingi kwenye mkojo), dokta akikuandikia hiki kipimo usikipuuze kabisa. Antithrombini inatengenezwa na ini, kazi yake kuzuia damu isigande hovyo, sasa figo zikivuja protini zaidi ya gramu 3.5 kwa siku nayo inatoka na mkojo maana ukubwa wake unakaribiana na albumini (protini kuu ya damu), ndo unasikia mtu kaganda damu mguuni, kwenye mapafu, hata mshipa wa figo wenyewe, hasa wale wa membranasi nefropathi (ugonjwa wa vichujio vya figo).

Nilichokipendea, kinaweza kuonyesha kwa nini heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) inasuasua kwa mgonjwa, coz heparini inategemea hiyo hiyo antithrombini, ikipungua dawa inakosa wa kumsaidia. Majibu ni asilimia, kawaida kama 80 mpaka 120. Ila damu itolewe kabla ya kuanza heparini, maana nayo inaishusha.

Nyota moja nimekata kwa sababu hakijitoshelezi, albumini lazima iangaliwe pia, na namba nzuri haikuhakikishii usalama. Mguu mmoja ukivimba ghafla au pumzi ikibana, usisubiri majibu, kimbia hospitali.