Redio ya kuzungusha kwa mkono, baada ya mafuriko

Ninayo mwezi wa nane sasa. Niliinunua nikaitupa kabatini, nikiiona kama kitu cha kuchezea watoto. Wazo lake si geni: Mwingereza Trevor Baylis alilibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kutazama kipindi cha televisheni kuhusu UKIMWI barani Afrika na shida ya kuwafikia watu wasio na umeme wala betri.

Usiku wa mafuriko umeme ulikatika saa mbili. Nikashinda kwenye kundi la WhatsApp la majirani. Saa nne ikaingia sauti ya mtu anayehema: bwawa limepasuka, kimbieni! Ilikuwa na mishale miwili, alama ya ujumbe uliokwisha kusambazwa mno. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaweza kuutuma kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mkupuo. Huo mmoja wangu nikamtumia dada yangu, mwenye presha.

Saa sita laini yangu ikafa. Betri za mnara zina kikomo. Ndipo nikaikumbuka redio. Dakika mbili za kuzungusha, nikamsikia mtangazaji akisoma taarifa ya wasimamizi wa bwawa: kingo ni nzima, milango imefunguliwa makusudi kupunguza maji, barabara ya bondeni isitumike. Nikashusha pumzi.

Nikalala. Na hapo ndipo ninapokata nyota moja kati ya tano.

Majirani wenye laini nyingine hawakulala. Katika kundi lile lile lililotutia kiwewe, wakagawana zamu, wakajaza mchanga magunia, wakambeba mgongoni mzee wa nyumba ya mwisho. Mimi nilitoka saa moja asubuhi na habari zangu sahihi, nikakuta watu wanaosha matope miguuni. Redio haikuniuliza kama nina koleo.

Kuhusu kifaa chenyewe: FM inashika vizuri, tochi ina mwanga wa kutosha. Kuchajia simu ni mzaha. Utazungusha mpaka bega liwake, upate salio la chaji la kupiga simu moja fupi. Kipande cha sola kiache juani mchana kutwa. Mpini unalia kama cherehani kuukuu, kwa hiyo zungushia chumba cha mbali na mtoto aliyelala.

Nyota nne. Dada yangu naye ameagiza ya kwake.