Eti wamelipanga kwa tarehe!

Nyota tatu. Nilitaka kutoa moja, lakini ngoja nieleze.

Hifadhi ya nyaraka yenyewe siitaji jina. Chumba cha kusomea ni safi, feni zinazunguka, ukijaza fomu asubuhi jalada linakufikia kabla ya mchana. Ugomvi wangu ni huduma yao ya kupiga picha nyaraka. Nililipia jalada moja la bomani (ofisi ya wilaya), enzi za Mwingereza, malalamiko ya ardhi, folio (karatasi zilizotiwa namba) mia na kitu. Baada ya wiki kadhaa nikapewa picha, na jalada lenyewe nilinganishe. Kufungua tu: folio 41, kisha 7, kisha 23A, kisha 12.

Nikamuuliza kijana wa kaunta. Akajibu bila kuinua uso: "Tumezipanga vizuri, kwa tarehe. Si karatasi zote zipo?"

Kwa tarehe! Jalada la masjala halifuati siku barua ilipoandikwa, linafuata siku ilipoingia jaladani. Ndiyo maana karani alitia namba kwa wino mwekundu kona ya juu. Folio 23 ni barua ya kupelekea, 23A ni kiambatisho chake, hati ya mauziano ya miaka kadhaa nyuma. Ukipanga kwa tarehe, hati inarukia mwanzoni na kukaa yatima, na barua inabaki ikitaja kiambatisho kisichoonekana. Madokezo ya maofisa nayo yanasema "tazama 31"; unafungua mahali pa 31 unakuta risiti ya kodi. Zisizo na tarehe wamezirundika mwisho, na nyingi ndizo barua za wanakijiji, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zile hasa nilizozifuata. Nyota mbili.

Migongo hawakupiga kabisa. Nyuma ya karatasi ndiko kulikogongwa muhuri wa kupokelewa, na mara nyingine ndiko bwana shauri (mkuu wa wilaya) alikoandika uamuzi wake kwa penseli. Mpiga picha anayejua kazi huanza na jalada la nje, hupiga mbele na nyuma hata pakiwa peupe, rula ikiwa ndani ya picha, na hafungui tagi (kamba inayoshika karatasi pamoja) kabla ya kuhesabu folio.

Sasa selotepu. Tundu za tagi zilikuwa zimechanika, wakazibandika selotepu, nyingine juu ya namba nyekundu. Gundi ile hupenya karatasi, ikageuka njano kisha kahawia, plastiki ikabanduka na doa likabaki. Tundu huzibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano. Na watu hawahawa walinilazimisha kuvaa glavu za pamba! Glavu ni za picha za zamani. Kwenye karatasi zinaua hisia ya vidole na ndizo zinazochana. Mikono iliyonawa ikakauka inatosha. Nyota moja, na hiyo ni ya feni.

Barua iliyokwenda London huenda nakala yake ipo Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, katika mafungu ya Wizara ya Makoloni (CO): CO 691 kwa Tanganyika, CO 533 kwa Kenya, CO 536 kwa Uganda. Lakini lalamiko la mkulima kwa bwana shauri liliishia bomani, nakala ndiyo hiyo moja. Mjerumani walau alishona majalada yake kwa uzi. Kuyavuruga kunataka mkasi.

Nikaomba nizipange upya mwenyewe, namba nyekundu nyingi bado zinasomeka. Wakakataa. Nilifoka, nakiri, na hapo wao ndio walikuwa sahihi: msomaji hapangi jalada, anaripoti. Mama mmoja mtunza kumbukumbu akatoka ndani, akachukua daftari, akaandika kila folio ilipo sasa na ilipopaswa kuwa, akanipa nisaini. Huyo peke yake nyota nne. Basi rudisheni mbili.

Migongo wanapiga upya bila malipo. Jalada la pili nimeliagiza kwa sharti niwepo tagi ikifunguliwa. Mama amekubali; kijana amenuna.