TAHADHARI: Usilipe hela ya "kufungua kompyuta" kisa taa ya sevisi imewaka

Wenye magari wa Kampala, Jinja, Mbarara na kwingineko, kuna mchezo kwenye baadhi ya gereji za kando ya barabara, na kwa mafundi wanaotembea na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, mkononi. Taa ya sevisi imewaka, jamaa anachomeka kifaa chake chini ya stelingi, anakunja uso, kisha anakwambia, "Bosi, kompyuta imeloki, na sensa ya oili imekufa." Kufungua kompyuta anataka laki moja. Sensa ni hela nyingine, na lazima aende kuinunua mwenyewe kwa sababu eti wewe utauziwa feki. Usitoe hata shilingi.

Taa ya kukumbusha sevisi kwa kawaida haitegemei sensa inayopima uchafu wa oili. Kwenye magari mengi tunayoendesha ni kihesabu tu: kinahesabu umbali tangu kiliporudishwa sifuri, na ukitimia, taa inawaka. Toyota zenye maandishi MAINT REQD (yaani sevisi inahitajika) huanza kupepesa maili 4,500 zikifika, na taa hubaki imewaka kuanzia maili 5,000, kama kilomita 8,000 hivi. Honda nyingine hupiga hesabu kwa jinsi injini ilivyofanya kazi, lakini nazo hazionji oili yenyewe. Ndiyo maana unaweza kubadilisha oili leo na taa ikaendelea kuwaka: hakuna aliyekirudisha kihesabu sifuri. Matapeli wanaishi kwenye mwanya huo.

Kuizima ni kazi ya dakika moja ukiwa nyumbani. Kwa Toyota za MAINT REQD, fungua swichi hadi ON bila kuwasha injini, bonyeza kitufe cha ODO/TRIP, kile cha kubadili hesabu za kilomita kwenye dashibodi, mpaka isomeke Trip A, kisha zima. Sasa bonyeza kitufe hichohicho na usikiachie, huku unafungua swichi tena hadi ON. Endelea kukishikilia mpaka vistari au sifuri zimalizike kwenye kioo na taa ikazimika, mara nyingi kati ya sekunde 5 na 10. Gari la kuwasha kwa kitufe, bonyeza START mara mbili bila kukanyaga breki. Ikigoma, karibu kila mara ulikuwa kwenye ODO au Trip B, au uliachia mapema.

Honda zenye kitufe cha SEL/RESET: swichi ON, shikilia sekunde 10 hivi mpaka alama ya spana ianze kupepesa, achia, shikilia tena zaidi ya sekunde 5. Nissan nyingi unaingia kwenye menyu ya kioo cha dashibodi, sehemu ya matengenezo, unachagua oili, unairudisha sifuri. Menyu ikiwa ya Kijapani, elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri na utaisoma papo hapo.

Fundi akija na skana, angalia mkono wake, achana na kioo cha skana. Skana za bei rahisi husoma kodi za injini, yaani namba za hitilafu, na kwa Toyota hizi haziigusi taa ya sevisi. Wakati wewe umekodolea macho herufi zinazopita, yeye anabonyeza kitufe cha Trip. Wengine ni wabaya zaidi, wanachomoa tamino ya betri "ili kompyuta ipumzike". Redio nyingi za Toyota zilizotoka Japani zikikatiwa umeme hujifunga na kudai kadi ya ramani au namba ya kufungulia. Jioni hiyohiyo anakuuzia na hiyo namba.

Msichanganye taa lakini. Taa nyekundu yenye umbo la kopo la oili ikiwaka injini ikiwa inanguruma, zima gari hapohapo: hiyo ni presha ya oili, na dakika chache zinatosha kuua injini. Taa ya njano yenye umbo la injini ndiyo inayohitaji skana kwa haki.

Upande wa pili wa mchezo unauma zaidi: umelipia sevisi kamili, taa imezimwa, oili ni ileile. Simama hapo mpaka kazi iishe. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, iliyoko kwenye Vitz, Raum, Spacio na Premio nyingi za 1.5, inakula lita 3.7 pamoja na filta. Kopo la lita 4 lazima libakize kidogo, na hicho kidogo ni chako. Anayekwambia inaingia lita 5 anakuuzia oili ya gari jingine. Chora alama kwa kalamu kwenye filta ya zamani kabla hajaanza, kisha ukague mpya. Nati ya kumwagia oili ni ya spana namba 14, hukazwa kwa nguvu ya Nm 37 ikiwa na ringi (washa) mpya. Akiongezea bomba refu kwenye spana anaharibu nyuzi za sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini. Akimaliza, washa injini, zima, subiri dakika tano, chomoa dipstiki. Oili isome kati ya alama mbili.

Wenye Hilux, Prado na Hiace za dizeli za D-4D, ile 1KD na 2KD, hapa kuweni wakali. Taa ya T-BELT, yaani ya belti ya taimingi, huwaka kwenye kilomita 100,000 au 150,000, kutegemea soko gari lilikotengenezewa. Nayo ni kihesabu, nayo huzimwa bila spana yoyote. Ila belti ya taimingi ikikatika kwenye injini hizi, vali zinagongana na pistoni na unatafuta injini nyingine. Usikubali izimwe kabla hujakabidhiwa mkononi belti iliyotolewa, pamoja na teshena yake, kile kifaa kinachoikaza.

Na anayenunua gari, iwe bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa nje) au kwa mtu, dashibodi safi isiyo na taa hata moja haithibitishi kitu. Chomeka skana uangalie sehemu mbili: umbali uliotembewa tangu kodi zifutwe, na vile vipimo vya kujikagua vya kompyuta. Ukikuta umbali ni kilomita 3 na vipimo vingi havijakamilika, huenda kodi zimefutwa muda mfupi tu kabla hujafika. Omba uliendeshe mwendo mrefu, lisomwe tena. Muuzaji akikataa, kuna magari mengine.