Siku ya Shenzhen: ziara nzuri, ila soko lilipewa saa mbili tu

Mimi ni fundi simu, meza yangu iko Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Nilijiunga na ziara ya mafunzo ya China iliyoandaliwa na kampuni moja ya hapa Dar. Tulikuwa watu 17, mafundi na wauza vifaa, tumefikia Guangzhou. Nazungumzia siku moja tu, ya Shenzhen, mji unaopakana na Hong Kong, maana hiyo ndiyo niliyoilipia.

Usafiri nawapa alama zote. Treni ya mwendo kasi kutoka Guangzhou haikumaliza hata saa nzima, kisha tukaingia treni ya chini ya ardhi, tiketi yenyewe ni kidude cha plastiki cha kijani, mviringo kama kifungo cha koti. Mkalimani wetu, binti wa Kichina mwenye Kiswahili fasaha, aliniita "fundi" siku nzima. Alituonyesha mabasi yanayopita bila mngurumo: mji ule ulimaliza kubadilisha mabasi yake yote kuwa ya umeme mwaka 2017, zaidi ya 16,000.

Asubuhi tulipanda kilima cha Lianhuashan, kwenye sanamu ya Deng Xiaoping, kiongozi wa China aliyefungua uchumi wa nchi hiyo, tukaelezwa jinsi Shenzhen ilivyofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980. Halafu mnara wa Ping An, mita 599, ghorofa ya 116. Kulikuwa na ukungu. Milima ya Hong Kong tuliyoahidiwa hatukuiona, na foleni ya lifti ikala muda.

Chakula cha mchana kilikuwa halali, na nawashukuru kwa hilo, kwa sababu nusu yetu tulikuwa na wasiwasi. Ni mgahawa wa tambi za nyama ya ng'ombe. Mpishi, Mwislamu mwenye kofia nyeupe, aliitikia salamu yetu huku akivuta donge la unga kwa mikono, akilikunja na kulivuta tena mpaka likawa nyuzi.

Huaqiangbei, soko lenyewe la simu na vifaa vyake, tumeingia saa tisa alasiri. Kinachokupokea ni sauti ya selotepu, kraa, kraa, kila kizimba wanafunga maboksi. Vizimba ni vidogo, meza moja ya kioo na mtu mmoja nyuma yake. Huyu anauza kamera za nyuma tu, yule sistimu chaji tu, yaani sehemu ya kuchomekea chaja. Nilisimama kwa kijana mmoja anayetenganisha vioo vilivyopasuka. Alilaza simu juu ya bamba la moto, akapitisha waya mwembamba kama unywele kati ya kioo cha juu na skrini, taratibu, akiuvuta kulia na kushoto. Kioo kikatoka, skrini ikabaki inawaka. Akafuta gundi, akabandika kioo kipya kwa mashine. Mimi kazi hiyo nilikuwa nabadilisha skrini nzima na mteja analipa yote. Nilitaka kumuuliza joto la bamba ni kiasi gani, gundi ni ya aina gani. Lakini mkalimani ni mmoja kwa watu 17, na wakati huo alikuwa ghorofa ya juu na wenzangu. Niliporudi naye, saa kumi na moja ilikuwa imegonga na kiongozi anatuita.

Hapo ndipo ninapowalaumu waandaaji. Mnara hufunguliwa hadi usiku, soko linaanza kufunga jioni. Wangeanza na soko asubuhi, mnara wakauweka mwisho. Waongeze mkalimani wa pili, anayejua majina ya vifaa. Pia hawakutuambia tuunganishe kadi zetu za benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kabla ya kuondoka Dar. Watu wanne walishindwa kununua kwa sababu hiyo, na wenye vizimba hawakuwa na chenji.

Bei ya ziara sioni kama ni kubwa kwa tuliyoyapata. Bamba la joto na waya nimerudi navyo, viko mezani Aggrey, na skrini mbili mbovu nimeshaziunguza nikitafuta joto sahihi. Ya tatu imetoka nzima jana jioni.