TAHADHARI WANATANGA: Kuna mtu anauza "dawa ya kunyanyua sakafu", msimpe hela

Ndugu zangu wa Tanga, na hasa nyinyi mliojenga kuanzia Kange kwenda Pongwe, na wenye nyumba za mabondeni. Kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba akisema ana dawa ya kunyanyua sakafu iliyotitia. Kwetu amechukua shilingi 2,600,000 na ameiacha sakafu mbovu kuliko alivyoikuta. Nimeandika kwa kirefu kwa sababu alichotufanyia kinaingia akilini kabisa mpaka ujue chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, kuna nini.

Nyumba ni ya mama. Tulimjengea mwaka 2019, watoto wanne tukichangishana. Kiwanja kiko chini kidogo kuliko barabara, udongo wake mweusi, ule unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia kidole wakati wa kiangazi. Mafundi wakajenga msingi, wakajaza kifusi ndani, wakamwaga jamvi, tukaweka marumaru. Miaka minne tulikaa kwa amani.

Masika ya 2024 yalipokwisha, mama akaanza kulalamika kwamba mpira wa mjukuu unabingirika wenyewe kwenda pembe ya chooni. Tukaangalia. Skatingi, ile marumaru ya ukingo wa chini ya ukuta, ilikuwa imebaki ukutani na sakafu imeshuka, pengo la vidole viwili. Ukigonga marumaru kwa ufunguo zinalia kama debe tupu. Ukuta wenyewe ulikuwa mzima, hauna hata ufa.

Mwezi wa Agosti huyo mtu akapiga hodi. Nani alimwelekeza kwetu, mpaka leo hatujui. Alikuja na pikapu, kompresa, drili na kile kifaa cha mwanga mwekundu cha kupimia usawa. Akamsalimia mama kwa heshima zote, "Shikamoo bi mkubwa," akavua viatu mlangoni, akakaa chini. Akamwonyesha video kwenye simu: sakafu ya huko Marekani inapanda taratibu kama mkate ulioumuka. "Bi mkubwa, ni kazi ya siku mbili tu. Keshokutwa magharibi utaswali juu ya sakafu iliyonyooka." Mama yangu ana miaka sabini na mbili na magoti yanamsumbua. Hayo maneno yalimwingia.

Video zile ni za kweli, na ndiyo maana mtu huyu ni wa hatari. Kunyanyua jamvi lililotitia ni kazi inayofahamika duniani. Njia ya zamani ni kutoboa matundu ya upana wa sentimita nne au tano, kisha kusukuma kwa pampu uji wa saruji, mchanga na udongo hadi ujaze uwazi ulio chini na kulisukuma zege juu. Njia mpya inatumia povu maalumu linalotokana na kemikali mbili. Kila moja inapita kwenye mpira wake, zinakutana kwenye bunduki ya kupulizia, na povu linafura na kukauka ndani ya muda mfupi sana. Matundu yake ni madogo, kama sentimita moja na nusu. Fundi wa kweli ananyanyua milimita kwa milimita huku mwenzake akisoma kipimo, kwa sababu wakizidisha zege linakatika.

Sasa sikieni alichofanya huyu. Alipima urefu na upana wa sebule na chumba, akazidisha, akataja bei: milioni tatu na laki nane, zaidi ya nusu mbele. Hakuuliza chini tulijaza nini. Hakuuliza maji ya choo yanaelekea wapi. Hakutoka nje kuangalia mifereji. Sisi hatukushtuka, na hapo ndipo ninapotaka mtu yeyote anayesoma haya ashtuke kwa niaba yetu.

Siku ya kwanza walitoboa matundu kumi na manne. Walimwomba mama atoke kwa sababu ya "harufu ya dawa", wakafunga mlango. Siku ya pili wakachanganya saruji na mchanga, wakaimwaga juu ya marumaru zile zile ili "kumalizia usawa". Nene sentimita sita kwenye pembe iliyoshuka, mbili upande wa pili. Wakapiga niru, yaani saruji tupu ya kulainisha. Jioni kweli ilikuwa imenyooka, ukiweka pimamaji kiputo chake cha hewa kinakaa katikati. Tukapewa karatasi ya dhamana ya miaka kumi, haina mhuri wala anwani. Hela ilipokelewa kwenye simu, risiti hakuna.

Vuli ilipoanza Novemba, sakafu ikapasuka kutoka mlangoni hadi dirishani, na ile pembe ikazama zaidi ya mwanzo. Simu yake haipatikani.

Kaka yangu alimleta mhandisi aliyesajiliwa. Kijana wa watu alisimama mlangoni, swali lake la kwanza likawa, "Mama, maji ya kuogea yanapita wapi?" Akafunga mabomba yote ndani ya nyumba, akatupeleka kwenye mita. Kila bomba limefungwa na mshale unazunguka. Kulikuwa na bomba linavuja chini ya sakafu, palepale pembe ya chooni.

Tulipovunja, tulikuta mambo manne, na nitayaeleza kwa sababu nyumba nyingi za mji huu zina moja au mawili kati yake.

Kwanza kifusi. Kilijazwa chote kwa mkupuo, karibu sentimita themanini, kikashindiliwa juu juu tu. Kifusi kinatakiwa kuwekwa tabaka la sentimita kumi na tano au ishirini, kilowanishwe kiasi, kishindiliwe mpaka kigumu, ndipo tabaka jingine lifuate. Kisiposhindiliwa kinabaki na nafasi za hewa. Kinaweza kusimama miaka kadhaa kikiwa kikavu, halafu maji yakiingia mara moja chembe zinateleza na kujipanga upya, kinashuka. Jamvi linabaki linaning'inia juu ya uwazi. Kwetu uwazi ulikuwa wa kupitisha ngumi. Na hii ndiyo sababu ukuta haukupasuka: ukuta umekalia msingi ulioshuka hadi udongo mgumu, jamvi limekalia kifusi. Mhandisi alisema hiyo tofauti ndiyo ya kuangalia mwanzo. Sakafu ikishuka peke yake, tazama kifusi na maji. Ukuta ukipasuka mshazari kutoka pembe za madirisha na milango, huo ni msingi, na hapo usicheze, ita mtaalamu siku hiyo hiyo.

Pili, kisiki cha mnazi. Kiwanja chetu kilikuwa shamba, mnazi ulikatwa na kisiki kikafukiwa hapo hapo. Kisiki kinaoza pole pole, mchwa wanakimaliza, linabaki shimo. Ukinunua kiwanja kilichokuwa na minazi au mikorosho, muulize mwenyeji ilisimama wapi. Uliza pia shimo la zamani la choo na la takataka lilikuwa wapi. Wazee wa mtaa wanajua.

Tatu, ule udongo mweusi. Huo ni mfinyanzi unaofura ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo unapanda na kushuka kila mwaka kati ya masika, kiangazi na vuli. Jaribio lake ni rahisi. Chukua udongo wa kina cha nusu mita, ulowanishe, uviringishe kama tambi. Ukitoka uzi mwembamba usiokatika, una mfinyanzi mwingi. Ukiusambaza juani ukapasuka vigae vigae, jua unakaa juu ya kitu kinachopumua. Kujaza povu juu yake hakuuzuii kupumua.

Nne, na hapa niliumia sana: makopo. Mtoto wa jirani alituonyesha gunia nyuma ya choo chetu, lina makopo matupu ya povu lile linalouzwa madukani la kuzibia kandokando ya fremu za milango. Hiyo ndiyo iliyokuwa "dawa". Povu la kopo linahitaji unyevu wa hewa ili likauke, tena ni la kuziba nyufa, halina nguvu ya kunyanyua zege. Chini ya matundu tulikuta mabonge laini, mengine ndani bado yananata baada ya miezi mitano. Kilichonyoosha sakafu ilikuwa ile saruji ya juu. Fanyeni hesabu: sebule yetu ni mita nne kwa tano, wastani wa unene sentimita nne, hiyo ni zaidi ya tani moja na nusu ya mzigo mpya. Aliuweka juu ya jamvi linaloning'inia, na mama akalala chumba cha pili akidhani amepona.

Kuna jambo jingine linaihusu Tanga moja kwa moja. Sehemu kubwa ya mji na viunga vyake iko karibu na mawe ya chokaa. Ndiyo hayo ya mapango ya Amboni, ndiyo hayo yanayosagwa kutengeneza saruji Pongwe. Maji ya mvua yana asidi kidogo, yanakula chokaa pole pole kwa maelfu ya miaka na kuacha matundu na mapango. Juu unaona ardhi ya kawaida. Ukiyaelekeza maji ya paa, ya septiki au ya bomba bovu mahali pamoja kila siku, yanaweza kusomba udongo kwenda kwenye matundu hayo na ardhi ikabonyea. Sisemi kila nyumba ina pango chini yake, yetu haikuwa nalo. Nasema yeyote anayekuja kushughulikia sakafu iliyotitia mji huu bila kuuliza habari ya maji, hajaja kutengeneza. Na ndugu zetu wa ufukweni kwenye mchanga msijione salama. Mchanga unabeba nyumba vizuri ukiwa umebanwa, ila bomba linalovuja hupitisha chembe zake taratibu kama kwenye chungio.

Kabla hujaita mtu, fanya haya mwenyewe, hayana gharama. Pima usawa kwa mpira mwangavu uliojaa maji kuzunguka chumba, weka alama za penseli ukutani na tarehe yake. Kwenye ufa, bandika kipande chembamba cha kioo kwa saruji pande zote mbili. Kioo kikikatika, bado panatembea. Angalia mita usiku mabomba yakiwa yamefungwa. Gonga sakafu nzima kwa mpini wa nyundo, chora kwa chaki panapolia wazi, ingawa marumaru iliyobanduka nayo inalia hivyo hivyo, kwa hiyo bandua moja uhakikishe. Kama panatembea bado, kunyanyua au kusawazisha ni kutupa hela, kwa njia yoyote ile. Maji kwanza yazuiwe.

Sisi mwishowe tulivunja vyumba viwili. Bomba likabadilishwa na kupitishwa nje ya nyumba. Kifusi kikatolewa chote, kisiki kikang'olewa na mizizi yake, tukajaza upya tabaka kwa tabaka kwa mashine ya kushindilia ya kukodi, mawe, nailoni, wavu wa chuma, halafu zege la sentimita kumi. Tukazungushia nyumba sakafu ya nje yenye mteremko, maji ya paa yasitue ukutani. Kazi ilichukua wiki tatu, na ile 2,600,000 ingeifikisha mbali sana. Mama alikaa kwa dada yangu muda wote huo, na kila nikienda ananiuliza kama mimi ndiye nimemkasirikia. Hilo halitoki moyoni mwangu. Alikuwa anajaribu kutupunguzia mzigo.

Mtu huyu akija kwako, mwombe namba yake ya usajili na uihakikishe Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mhandisi naye ana bodi yake, ya wahandisi. Mwambie akuonyeshe lebo za mapipa ya hiyo dawa, na kazi aliyoifanya hapa hapa Tanga ambayo imepita masika moja, uende mwenyewe ukamsikilize mwenye nyumba. Akikwambia lazima mtoke ndani, kataa, kaa hapo hapo uangalie kinachoingia kwenye matundu. Usitume hela kwenye simu kabla ya mkataba ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa.

Jina lake silitaji hapa, tumelipeleka polisi pamoja na namba iliyopokea fedha, na tumepewa RB, yaani namba ya taarifa yetu. Tayari mama mmoja wa Sahare amenipigia, maelezo yake yanafanana na yetu hadi pikapu. Kama alipita kwako, nenda kituoni na ujumbe wa muamala na ile karatasi ya dhamana, utaje tarehe na idadi ya matundu. Na mkague nyuma ya nyumba. Mkikuta makopo msiyatupe, yabebeni nayo.